Kichwa cha treni kilichosimamishwa nje: kukikinga na maji, mitraye (biashara ya vyuma chakavu) na rangi ya haraka mjini Lubumbashi

Kichwa cha treni cha mvuke hakiozi kwa uzee. Kinaozeshwa na maji yaliyoingia kwa juu yakakosa pa kutokea chini. Ndiyo maana ndoo mbili za rangi zinazopakwa mbiombio tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru wa Kongo, ikikaribia hazisaidii kitu: nje kinang'aa, ndani kinaliwa. Maelezo haya ni ya kikundi kidogo chenye kichwa kimoja uwanjani, mafundi wawili watatu na pesa ya kuhesabu. Shughuli nzima inaanza na maji. Rangi inakuja baadaye sana.

Kalenda yetu inasaidia. Mvua inanyesha tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, halafu miezi mingi haitoni hata tone. Basi Februari, mvua ikiwa kali, zunguka kichwa na daftari uandike maji yanapoingilia na yanaposimama. Mei fungua na usafishe. Rangi ni Juni hadi Agosti. Mwisho wa Septemba vifuniko vyote viwe mahali pake. Anayeanza kukwangua Oktoba atakutwa na mvua ya kwanza chuma kikiwa uchi, na kesho yake kitakuwa chekundu kuliko alivyokikuta.

Jua kwanza una nini

Reli ya Katanga ilitoka kusini: daraja la Victoria Falls mwaka 1905, Sakania 1909, na treni ya kwanza ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kwa hiyo upana wake ni ule wa Afrika ya kusini, milimita 1067. Lakini Kongo ilikuwa na vipimo vingine. Reli za kampuni ya CFL za upande wa maziwa zilijengwa kwa milimita 1000, na nyingi zikapanuliwa miaka ya 1950. Reli ya Vicicongo ya kaskazini-mashariki ilikuwa ya milimita 600. Kupima ni dakika mbili, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Upana wa njia unapimwa kati ya reli na reli, upande wa ndani wa kichwa cha reli. Ukipitisha mita kati ya migongo ya magurudumu utapata kama sentimita 99 tu, uandike "njia ya mita moja", na kibao chako kitadanganya watu miaka thelathini. Magurudumu lazima yawe na nafasi ya kucheza ndani ya reli, ndiyo tofauti yenyewe.

Kisha hesabu ekseli. Ateliye (karakana) za kwetu zilifuata hesabu ya Wabelgiji na Wafaransa, inayohesabu ekseli. Waingereza wanahesabu magurudumu. Kichwa chenye ekseli moja ndogo mbele, nne za kuvuta na moja ndogo nyuma ni 141 katika karatasi za Kifaransa, na 2-8-2 katika karatasi za Kiingereza. Ni kitu kilekile. Usiandike kwamba ni aina mbili.

Herufi za ubavuni nazo zinasema, hata zile zilizofunikwa na rangi mpya: CFK, BCK, KDL, SNCZ, SNCC, vifupisho vya kampuni za reli za kwetu. SNCZ, ya enzi za Zaire, haiwezi kuwa ya kabla ya 1974. Kutafuta herufi na rangi za chini, chagua sehemu ya sentimita 5 kwa 5 isiyoonekana sana, ilowanishe, kisha usugue polepole kwa msasa wa maji namba 400, umalizie na 800. Sugua kwa mduara unaopanuka, ili kila tabaka lionekane kama pete ya mti. Piga picha na karatasi ya kipimo kando yake. Pete hizo ndizo zitakazokuambia kichwa kilikuwa cha rangi gani. Fundi wa rangi ataleta mawazo yake, na mara nyingi yatakuwa fedha kwenye dohani na nyekundu kwenye kila kitu kinachozunguka. Mwonyeshe pete.

Namba zimepigwa pia kwenye mikono inayozungusha magurudumu, kwenye fremu na nyuma ya kibao cha kiwanda. Zisomeke zote kabla hujaamini yoyote, maana ateliye zilikuwa zinabadilishana vipuri: mkono wenye namba 7 unaweza kuwa kwenye kichwa namba 12 tangu enzi za wakoloni. Usiurekebishe. Uandike tu.

Wazee wa shemen-de-fer (waliofanya kazi reli) waitwe mapema, wakati kichwa bado kichafu. Usimuulize mzee "historia ya reli", atakupa hotuba. Mpeleke mbele ya kitu, weka kidole juu yake: "Baba, hii kitu mulikuwa munaiita je? Na ikikwama, mulikuwa munafanya nini?" Hapo utapata majina ya kazini na mbinu ambazo hazimo katika kitabu chochote. Andika jina lake, tarehe, na neno alivyolisema, si ulivyolisahihisha.

Asbesto, risasi na nyuki

Chini ya bati la koti la boila, na mara nyingi kuzunguka silinda na mabomba ya mvuke, kuna kitu cheupe au cha kijivu kama plasta yenye nyuzi. Kihesabu kuwa asbesto, amiante ya Wafaransa, mpaka maabara iseme sivyo. Vumbi lake likivutwa linakaa kwenye mapafu, na ugonjwa unatokea baada ya miaka mingi. Bati la koti lisifunguliwe, lisitobolewe, lisigongwe nyundo. Likiwa limepasuka tayari na nyuzi zinaning'inia, lowanisha kwa maji yenye sabuni kidogo ukitumia bomba la kunyunyizia, funika kwa plastiki nene na utepe, zuia watu, tafuta wenye kazi hiyo. Kitambaa puani si kinga. Barakoa ya vumbi la kawaida nayo si kinga.

Rangi za zamani, hasa ile nyekundu ya chini inayoitwa miniumu, zina risasi, metali yenye sumu. Kusugua kwa mashine kavu au kuunguza kwa chalumo (moto wa gesi) kunaipeleka moja kwa moja kwenye pumzi ya fundi na kwenye mchanga wanapocheza watoto. Kwangua ikiwa imelowa, tandika plastiki chini, kusanya takataka kwenye mfuko uliofungwa, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani.

Na chungulia dohani asubuhi na mapema kwa tochi. Nyuki wanapenda kisanduku cha moshi, na nyoka hapendi kufukuzwa kwenye sinia la majivu.

Kutoa maji

Panda na bidoni la lita 20, mimina polepole juu ya paa la kibanda cha dereva, huku mwenzako chini akiangalia. Rudia kwenye tenda (behewa la maji na makaa lililo nyuma ya kichwa), kwenye ubao wa kutembelea, na juu ya visanduku vya mchanga. Kila mahali maji yanapoingia bila kutoka, weka alama ya chaki. Kwa kawaida utarudi na alama sehemu zilezile: dohani, kisanduku cha moshi, sinia la majivu, silinda, tangi la tenda, sehemu ya makaa, na pembe za sakafu ya kibanda.

Dohani ndiyo mwizi mkubwa. Kila mvua inaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha moshi, na huko kuna majivu ambayo hakuna aliyeyazoa tangu moto wa mwisho. Majivu ya makaa ya mawe yana salfa. Yakilowa yanatoa asidi, na asidi inakaa palepale chini, kwenye bati la mviringo, ikilila kutoka ndani. Kwa nje huoni chochote mpaka siku kidole kinapopita. Fungua mlango wa mbele: nati za mlango zipakwe mafuta ya kulegeza kutu kwa siku mbili tatu, kila siku gonga kidogo, kisha kaza robo mzunguko kabla ya kulegeza. Ukivuta kwa nguvu siku ya kwanza utakata bolti. Zoa majivu yakiwa makavu, kwa koleo dogo na brashi, barakoa usoni. Suuza kwa maji safi mara mbili, futa, acha mlango wazi jua la siku nzima. Kisha jaribu bati: nyundo ndogo ya gramu 250, gonga taratibu ukisikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele ndogo. Kilicholiwa kinasema "pu". Pa "pu" chora mduara, sukuma kwa bisibisi. Ikipita, usizibe kwa saruji wala mastiki: vyote vinashika maji nyuma yake. Acha tundu liwe wazi kwa sasa. Angalau linatoa maji.

Mfuniko wa dohani ukatwe kwa bati la milimita 2, mviringo, mpana kuliko mdomo wa dohani kwa sentimita 5 kila upande. Usiukalishe juu ya mdomo. Uinue kwa vijiti vitatu vya bolti, uwazi wa milimita 25, na uzungushe wavu mwembamba wa kuzuia ndege na nyuki. Uwazi huo ni wa lazima. Mchana jua linapasha boila, hewa inatanuka na kutoka. Usiku wa baridi inarudi ndani na unyevu wake, na unyevu unageuka matone juu ya chuma baridi. Chombo kilichofungwa nusunusu kinajijaza maji hivyo kila siku hata mvua isiponyesha. Hewa ikipita kutoka chini hadi dohani, matone yanakauka kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa sababu hiyohiyo fungua vizibo vya kuoshea boila vilivyo chini kabisa, kwenye pembe za kisanduku cha moto. Weka ndoo, maana boila "kavu" linaweza kutoa maji ya kutu na matope. Vizibo vifungwe lebo, vihifadhiwe ghalani, na kila tundu lizibwe kwa wavu uliokunjwa. Koki za silinda ziachwe wazi. Sinia la majivu lizolewe na milango yake ibaki wazi. Kwenye tenda, ondoa vumbi la makaa lililogandamana pembeni, kisha tafuta kizibo cha chini cha tangi. Kama hakuna tundu lolote la chini linalotoka, toboa moja la milimita 12 mahali pa chini kabisa, kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mali na picha ya kabla na baada. Hilo liwe la mwisho, si la kwanza.

Ukimaliza, rudi na bidoni lako. Maji uliyomimina yote yawe yametoka chini ndani ya nusu saa.

Kutu na rangi

Usiruhusu kupuliza mchanga kwa kompresa. Unakata haraka, kweli, lakini unapinda mabati membamba, unafuta pete zote za rangi, na chembe zake zinaingia kwenye makasha ya ekseli ambako haziwezi kutolewa. Maji ya presha nayo yana kosa lilelile la kuingia pasipostahili. Tumia kikwangulio, brashi ya waya na uvumilivu, ukianzia ambapo mabati mawili yanakutana kwa ribiti. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo iliyo katikati ya mabati inayasukuma yaachane mpaka ribiti zinakatika vichwa. Kwangua mfereji huo kwa kisu chembamba, vuta vumbi, acha ukauke siku tatu za jua.

Kisha osha kwa sabuni, suuza, kausha, futa kwa kitambaa chenye waiti spiriti. Rangi ya kwanza ni antiruy (rangi ya kuzuia kutu) ya fosfeti ya zinki, na ipakwe saa chache baada ya kufuta, kabla kutu changa haijaota. Anza kwa brashi ndogo kwenye kila ribiti, kila ukingo na kila pembe, maana huko rangi inajivuta na kubaki nyembamba. Halafu ndiyo uso mzima, mara mbili. Juu yake rangi ya mafuta, mara mbili. Zote ziwe za jamii moja: tina (kiyeyushi) kali ya rangi ya makopo mawili yanayochanganywa itaikunja ya mafuta iliyo chini yake kama ngozi ya maziwa. Rangi ya ukuta haina kazi hapa.

Hesabu ya makopo ni rahisi. Boila lenye mzingo wa mita 4.7 na urefu wa mita 6 lina mita za mraba 28. Kopo litasema lita moja inatosha mita 10 au zaidi. Kwa brashi, ribiti na chuma chenye mashimo, hesabu 8. Ni lita 3.5 kwa tabaka moja, 7 kwa matabaka mawili ya antiruy, na 7 za rangi ya juu. Pima hivyo tenda, kibanda na fremu kabla ya kwenda dukani, kisha ununue zote siku moja. Kopo la wiki ijayo linaweza kuwa na weusi mwingine.

Saa nazo zina maana. Asubuhi ya Juni na Julai Lubumbashi ni ya baridi, na chuma kizito kinabaki baridi muda mrefu baada ya hewa kupata joto. Weka kiganja: kama kinahisi unyevu au ubaridi wa kisima, subiri. Mara nyingi ni saa tatu au nne asubuhi. Acha kupaka saa kumi alasiri, rangi ishike kabla ya umande. Agosti mwishoni ni kinyume: chuma cheusi kilichokaa juani saa saba kinachoma, tina inaruka upesi na rangi inatoa malengelenge. Zunguka na kivuli.

Mafuta ya vidanje, yale meusi ya gari, ndiyo dawa maarufu ya mtaani. Yaache. Yana asidi na masizi, yanashika vumbi jekundu mpaka linakuwa msasa, na rangi haitashika tena hapo bila kuosha mara tatu.

Mikono inayozungusha magurudumu haikupakwa rangi ilipokuwa kazini. Ilikuwa chuma cheupe kilichofutwa kwa kitambaa cha mafuta kila siku. Lainisha grisi ngumu kwa mafuta ya taa, sugua kwa msasa laini sana, futa. Paka nta ya chuma tabaka jembamba, ngoja, sugua kwa kitambaa, rudia. Pale mikono ya wageni inapofika, nta ni bora kuliko grisi, ambayo itaishia kwenye mashati ya watoto wa shule. Sehemu za juu na za ndani zipate grisi. Rudia kila Mei na kila Oktoba.

Mitraye

Shaba ya Katanga haitoki kwenye migodi tu. Kibao cha kiwanda, filimbi, koki, saa za presha, beringi na, kwenye vichwa vingi vilivyotengenezwa Ulaya, kisanduku cha moto cha ndani chenyewe, vyote ni shaba au jamii yake, na mnunuzi wa mitraye haulizi kimetoka wapi. Toa kila kinachotoka kwa spana: piga picha mahali pake, funga lebo ya bati yenye namba, andika daftarini, peleka kwenye chumba cha kufuli. Nje weka nakala ya mbao au ya bati lililopakwa rangi. Mlango wa kisanduku cha moto ufungwe kwa bolti kutoka upande usiofikika. Bolti zinazobaki nje, gonga ncha ya uzi kidogo kwa patasi baada ya kukaza nati, isitoke kwa spana ya kawaida. Usichomelee mlango wa kibanda; moto wa kuchomelea unaharibu chuma cha zamani na unaweza kuwasha vumbi la makaa. Ulinzi wenye nguvu kuliko kufuli ni taa moja na muuza chai anayekaa karibu.

Pa kusimama

Kichwa kisikae juu ya udongo. Kokoto sentimita 20 chini ya mataruma, mfereji pande zote mbili, na uso wa reli juu ya ardhi. Mataruma ya chuma yanafaa zaidi kwa sababu ya mchwa. Ukitumia ya mbao, acha ukanda wa nusu mita usio na majani, na kila mwezi tafuta njia za udongo zinazopanda. Kabari za mbao ngumu ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu mawili, kila upande. Breki ya mkono pekee haitoshi. Kiungo chake kinaweza kuwa kimelika. Paa la mabati juu ya nguzo ni bora kuliko rangi yoyote: likae wazi pande zote, lizidi kichwa kwa mita moja kila upande, na maji yake yaende kwenye mfereji, si kwenye magurudumu.

Behewa la mbao linahitaji paa hilo zaidi kuliko kichwa chenyewe. Dari la turubai likipasuka, mbao za pembeni zinaoza katika masika mawili, na mchwa anamalizia.

Kwa vichwa vya umeme, vya ile njia ya kilovolti 25 iliyoanza Likasi hadi Tenke mwaka 1952, kuna onyo moja linalopita yote. Transfoma na kapasita za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu, pyralène kama wazee wa ateliye walivyoyajua. Hayachujwi, hayauzwi, hayatiwi kwenye sufuria, hayapakwi mwilini, hayachomwi. Yakivuja, mwaga mchanga kuzunguka, weka sinia la chuma chini, funga uzio, na mjulishe mwenye mali kwa barua yenye tarehe. Kopi ibaki kwenye daftari la kichwa hicho.